Haki ya Njia: Pancha Katika Mitaa ya Kariakoo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu vyombo vya kupanda barani na baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad s.a.w., jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, mwezi huu tumeona tuwachukue wasomaji wetu, wazee kwa vijana, katika matembezi mafupi ya mjini Dar es Salaam, kutoka kati ya mji hadi Kariakoo. Hatuendi kununua kitu, wala hatuendi kustaajabia maghorofa. Twataka kutazama jambo moja dogo ambalo kila mwenye chombo cha magurudumu hukutana nalo siku moja: tairi kuishiwa upepo njiani, na msaada unaopatikana hapo. Jambo hili ni dogo kwa sura yake, lakini ndani yake mna mali za watu, mna riziki ya maskini, na mara nyingine mna roho ya mtu.

Tuanzie penye Sanamu ya Askari, katika Barabara ya Samora. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake ya Kiswahili na Kiingereza hayawakumbuki askari peke yao. Huwakumbuka na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walichukua vyakula na risasi vichwani mwao, kwani katika sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na njia ya kupita magurudumu, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na maradhi ya mbung'o. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Yafaa kijana apitaye hapo akumbuke kwamba kabla ya gurudumu kubeba mizigo ya nchi hii, ilibebwa na shingo za wanadamu.

Kutoka hapo twaelekea magharibi mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, twavuka, nasi tumefika Mnazi Mmoja. Uwanja huu uliachwa wazi zama za ukoloni ili uwe mpaka kati ya mji wa wageni na mji wa Waafrika. Leo mpaka huo umekwisha, nao watu wa kila kabila na kila rangi hupita hapo wakienda na kurudi. Twaukata Mtaa wa Lumumba, na mara sauti za soko zatupokea, kwani tumeingia Kariakoo.

Jina lenyewe la Kariakoo latokana na wale wapagazi tuliowataja. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Basi tangu asili yake pahali hapa ni pahali pa mizigo. Jengo kubwa la soko, lililochorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Lakini soko la Kariakoo halikuwa jengo hilo peke yake wakati wowote. Soko ni Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Swahili, ni Msimbazi na Gerezani, ni kila baraza na kila ukingo wa njia.

Mizigo hiyo yote leo huenda juu ya matairi. Tazama mkokoteni uliosheheni magunia, na kijana mmoja akiuvuta na mwingine akiusukuma. Tazama guta lenye mabati, baisikeli yenye matenga ya kuku, bodaboda, bajaji, daladala na lori la kutoka mikoani. Vyombo hivi havifanani kwa bei wala kwa heshima, lakini vyote hutegemea kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni upepo uliofungwa ndani ya mpira. Ustadi huu hauna umri mrefu. Robert William Thomson wa Uskoti ndiye aliyepata kwanza hati ya haki ya tairi la upepo mwaka 1845, likasahauliwa, kisha John Boyd Dunlop akalibuni tena huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu siku hizo mpaka leo msumari mmoja waweza kusimamisha lori lenye tani 20.

Na lori likisimama katika mtaa mwembamba wa Kariakoo, dhiki si ya mwenyewe peke yake. Nyuma yake husimama bajaji yenye mgonjwa, mama aliyebeba mtoto, na kijana wa mkokoteni ambaye hulipwa kwa safari, si kwa saa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Waliotangulia kuwatoa watu chini ya kifusi walikuwa watu wa mitaani wenyewe, kwa nyundo na kwa mikono mitupu, na waokoaji wa serikali wakaja na mitambo yao. Siku kama hiyo ndipo mtu hufahamu kwamba njia iliyo wazi ni uhai. Kwa hiyo mwenye chombo kilichopata pancha asiseme, "Hili ni langu." Ni lake, na ni la wote waliokuwa wapite.

Uislamu ulikwisha tufunza haya zamani. Mtume s.a.w. aliwaonya masahaba wasikae njiani, nao walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwaamuru waipe njia haki yake: wainamishe macho, wajizuie kuudhi watu, waitikie salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Katika Hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Huraira, Mtume s.a.w. amefunza kwamba kila kiungo cha mwanadamu chadaiwa sadaka kila siku lichomozapo jua, kisha akazitaja sadaka hizo. Miongoni mwake ni kumsaidia mtu juu ya mnyama wake, ama kumpandisha ama kumwinulia mzigo wake. Na nyingine ni kuondoa njiani kitu chenye kudhuru. Ndugu msomaji, mnyama wa mtu wa leo ni motokaa yake, na bajaji yake, na mkokoteni wake. Anayemsaidia kusukuma hadi pembeni amempandisha, na anayeokota msumari barabarani amelipa sadaka ya siku yake.

Twashukuru kusema kwamba sadaka hii haijafa Kariakoo. Mkokoteni ukikaa upande kwa gurudumu lililolala, hapiti muda watu watatu wanne wamekwisha shika pembe zake, na haulizwi mtu dini yake wala kwao. Mmoja huita, "Kaka, shika huku, tusogeze pembeni!" nao husogeza, kisha kila mtu hushika njia yake bila ya kungoja shukrani. Huo ndio msaada wa kwanza wa njiani, na hauna gharama.

Msaada wa pili ni wa fundi. Huko Uingereza wenye motokaa waliunda chama chao cha kusaidiana barabarani mwaka 1905, na mjini Nairobi chama cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1919. Siku hizi ziko kampuni za bima na za magari ya kuvuta ambazo mtu huzipigia simu zikamfuata alipo. Lakini kwa wengi wetu msaada wa njiani ni fundi wa pancha, akaaye chini ya mti au kando ya kituo cha mafuta. Bango lake ni tairi kuukuu lililosimamishwa wima, na mtaji wake ni mashine ya upepo, jeki, vyuma viwili vya kubandulia tairi, karai la maji, gundi na vipande vya mpira. Mafundi hawa hawana ofisi wala kiti cha kuzunguka, lakini mji mzima huwategemea.

Tumesimama mara nyingi kutazama kazi yao. Fundi hulitoa tairi kwenye ringi, akavuta mpira wa ndani, akaujaza upepo, akautumbukiza kipande kwa kipande katika karai la maji. Pale povu linapotoka ndipo penye tundu. Hupakausha, hupasugua kwa msasa, hupaka gundi, hungoja ikauke kidogo, kisha hubandika kiraka na kukigongagonga. Kabla ya kurudisha mpira hupitisha vidole ndani ya tairi taratibu, kwani msumari ukibaki humo kazi yote ni bure. Tairi lisilo na mpira wa ndani laweza kuzibwa kwa utambi unaosokomezwa kutoka nje, na kazi hiyo huisha upesi. Lakini dawa iliyo bora ni kulitoa tairi, kulikagua ndani na kulitia kiraka kutoka ndani.

Hapa yatupasa kuwaeleza wasomaji wetu mpaka wa msaada huu. Fundi aweza kuziba tundu la msumari lililo kwenye uso wa tairi, pale panapokanyaga barabara, ikiwa tundu halizidi milimita 6 hivi. Hawezi kuliponya tairi lililochanika ubavuni, kwani ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakiwezi kushika. Wala haliponi tairi lililoendeshwa mwendo mrefu bila upepo, kwani nyuzi zake za ndani zimekwisha sagika. Tulimsikia fundi mmoja kijana akimwambia mzee aliyemshikilia amzibie tairi la namna hiyo: "Shikamoo mzee wangu. Nikikuzibia hili utafika nyumbani leo, lakini kesho litakupasukia barabarani nawe una watoto. Hela yako sitaichukua." Mzee alinung'unika, kisha akanyamaza, akafunga tairi la akiba. Kijana yule hakupata chochote siku hiyo kwa mzee yule, lakini sisi twaamini ameandikiwa.

Wengine hawafanyi hivyo. Yuko fundi atiaye viraka vitatu panapohitajika kimoja, na yuko auzaye tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeusi likang'aa kama jipya. Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, akakuta chini yake unyevu uliofichwa, akamkemea mwenye bidhaa na kutangaza kwamba mwenye kughushi hana nafasi katika umma wake. Nafaka yenye maji humpunguzia mnunuzi kibaba. Tairi lililopakwa rangi laweza kumpunguzia umri. Muuzaji na alifikirie hilo kabla ya kuhesabu faida.

Dhuluma hii huja na upande wa pili pia. Wako wenye motokaa nzuri ambao huita fundi kwa kelele, wakamfanyisha kazi juani, na kazi ikiisha huanza kushindana naye juu ya ujira. Mtume s.a.w. amehimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la fundi wa pancha twaliona kwa macho yetu likidondoka juu ya lami. Yaliyo bora ni kupatana bei mwanzo, kutaka kuonyeshwa msumari na tundu, kusimama karibu kazi inapofanywa, na kulipa kwa ukamilifu. Mwenye kufanya hivyo hatakuwa na haja ya kumdhania mwenziwe vibaya.

Tena tusiisahau hatari iliyomo katika kazi hii. Matairi ya malori mengine hukaa juu ya ringi za vipande, zenye duara la chuma la kuzuilia. Duara hilo lisipokaa sawasawa, linaweza kuruka kwa nguvu kubwa fundi anapojaza upepo, na lina nguvu za kuua mtu. Kwa hiyo gurudumu la namna hiyo halifai kujazwa upepo ila ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame ubavuni, si mbele yake. Mzazi ampelekaye mwanawe kujifunza kazi hii na aulize kwanza kama karakana ina kizimba.

Hayo ni ya mjini, ambako fundi hayuko mbali. Lakini motokaa zinazotoka Kariakoo zikiwa na mizigo na abiria huishika Barabara ya Morogoro, na huko pancha ina sura nyingine, hasa usiku. Kuchuchumaa kando ya gurudumu gizani, huku malori yakipita karibu na mgongo, ni kuweka roho rehani. Kwa hiyo tairi likilegea, usifunge breki kwa ghafula. Shika usukani kwa nguvu, punguza mwendo pole pole, toka kabisa barabarani hata kama tairi litaharibika, kwani ringi hununuliwa na mguu haununuliwi. Washa taa za tahadhari. Wateremshe abiria kwa upande usio na magari, uwapeleke mbali na barabara, na watoto washikwe mikono. Simamisha pembetatu nyekundu zenye kung'aa, mbali kiasi cha kumpa dereva ajaye nafasi ya kupunguza mwendo. Kama ni pahali pa kona au pa giza nene, usianze kazi. Piga simu kuomba msaada, na penye hatari piga namba ya dharura 112.

Ukiwa pahali palipo sawa na pagumu, funga breki ya mkono, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu lililo upande wa pili, na ulegeze nati kabla ya kuinua kwa jeki. Usiingize mwili wako chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Ukirudisha nati, kaza kwa kukingamanisha, si kwa kufuata mzunguko; kisha shusha, ukaze tena, na baada ya mwendo kidogo usimame uzitazame. Tairi dogo la akiba ambalo huja na motokaa nyingine ni la kukufikisha kwa fundi tu, na aghalabu halifai kupita kilomita 80 kwa saa.

Lipo jambo moja ambalo latuhuzunisha kila tupitapo njia kuu. Dereva hukata matawi ya miti na kuyalaza barabarani ili wenziwe wajue kuwa kuna chombo kibovu mbele, na hukusanya mawe ya kuzuilia magurudumu. Tendo hilo lina nia njema. Lakini tairi likisha fungwa, dereva huondoka na kuyaacha mawe pale pale katikati ya njia. Usiku ukiingia, mwenye pikipiki haoni jiwe. Mtu aliyesaidiwa na Mwenyezi Mungu kutoka katika dhiki yake amemwachia mwenziwe dhiki iliyo kubwa kuliko yake! Enyi vijana mnaoendesha na mnaofuatana na madereva, lifanyeni hili kuwa ada yenu: motokaa isiondoke mpaka jiwe la mwisho limetupwa kando. Hakuna sadaka iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Na sehemu kubwa zaidi ya msaada wa njiani hufanywa nyumbani. Matairi mengi hayapasuki kwa msumari. Hupasuka kwa sababu yaliendeshwa upepo ukiwa pungufu, yakajikunja kupita kiasi, yakapata moto ndani, na mzigo ukamalizia. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva; namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya mwisho wa uwezo wake, si ya kila siku. Ubavuni humo humo mna tarakimu nne zinazoeleza umri wa tairi, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Anayenunua tairi kuukuu na azisome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha. Kadhalika tairi la akiba lipimwe pamoja na mengine, kwani wengi hulikumbuka siku ya dhiki wakalikuta nalo limelala.

Elimu hii isiwe ya baba peke yake. Binti ajuaye kufungua nati na mke ajuaye namba ya fundi mwaminifu hawatakuwa na haja ya kumtegemea kila mpita njia. Siku moja ya mapumziko, baba au mjomba na awakusanye watoto uani, awafundishe kuweka jeki, kulegeza nati na kupima upepo. Kazi hiyo haifikii saa moja, na huenda ikawa wasia ulio bora kuliko mengi tunayowaachia.

Hata tairi likisha kufa kabisa, Kariakoo hailitupi. Huchongwa likawa katambuga za kuvaa miguuni, na mpira wake wa ndani hukatwa kamba za kufungia mizigo juu ya baisikeli na mikokoteni. Haya ni mazuri, kila kitu kwa pahali pake: tairi lililokwisha na livaliwe miguuni, lisirudishwe chini ya daladala yenye abiria 30.

Mtume s.a.w. ametufunza kwamba mwenye kumwondolea Muumini dhiki moja ya dunia, Mwenyezi Mungu atamwondolea dhiki katika dhiki za Siku ya Kiyama. Siku hiyo ni ndefu, na hapana fundi wala jeki. Basi tusimdharau mtu aliyesimama juani na gurudumu lililolala, wala tusilione jiwe njiani tukalipita. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu barani na baharini, azibariki kazi za mafundi wetu waaminifu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuipa njia haki yake. Amin.